Kitambaa cha Kunusa Kidonda

Ngozi ya ng'ombe ikianza kuoza, hainuki vibaya. Watu wengi hawajui hilo. Kwanza inanukia tamu. Kidogo tu, kama ndizi za pombe siku ya pili, zikiwa bado zimefunikwa na majani. Halafu siku moja au mbili baadaye ndiyo inakuja harufu yenyewe, ile ambayo kila mtu anaijua na haihitaji fundi. Kazi yangu mimi ilikuwa ule utamu.

Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo zinaanza. Nilifanya kazi Bujumbura, mtaa wa Asiatique, kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa ngozi, mzee wa Kihindi mwembamba, aliyevaa sweta hata jua la saa saba. Ngozi zilikuja na lori kutoka milimani, zimetiwa chumvi, zimekunjwa mara nne na kufungwa kwa kamba. Kufungua moja moja haikuwezekana. Basi mzee anasimama mlangoni anapaza sauti: "Lete pua!" Hakuniita jina, hakuniita kijana. Pua. Nami napita kati ya mafungu, nainama, nachomeka pua kwenye mkunjo, nasema hii nzuri, hii nzuri, hii weka kando. Iliyowekwa kando inafunguliwa, na karibu na shingo, pale chumvi haikufika, pana doa la kijivu kama kiganja. Kila mara. Sijisifu. Ningekuwa nakosea ningefukuzwa, mzee yule hakuwa na huruma.

Siku moja alinieleza, na ndiyo siku pekee aliyonieleza kitu: "Ukisema mapema, tunakata kipande, ngozi inabaki. Ukichelewa, natupa yote." Akarudi kwenye chai yake.

Shule nilikaa miaka mitatu, na wa tatu si wote. Kusoma nilijifunzia palepale, kwenye alama za mafungu, herufi nyeusi zilizopigwa kwa brashi. Hadi leo nikiandika R naiandika kubwa, yenye mguu mrefu, kama ilivyokuwa kwenye ngozi. Lakini siyo habari ya kusoma niliyotaka kusema.

Biashara ya ngozi ilikufa. Mzee aliondoka na hakuna aliyeniambia ameenda wapi. Nilikuja asubuhi moja nikakuta ghala linauza magodoro. Mimi nikabaki na pua. Nikabeba mizigo sokoni, nikasaga mihogo, nikauza mkaa, nikaoa, nikazika mke, na pua nikaenda nayo kote huko bila kazi. Mtaani kwetu Buyenzi majirani waliitumia kwa mambo madogo. Maziwa haya, muzee, yamelala? Ndagala hizi za ziwani ni za jana au za juzi? Mara moja walinipandisha ngazi kutafuta panya aliyekufa juu ya dari, nikamwonyesha kwa kidole, wakapiga makofi. Nilifurahi. Mtu mzima anafurahi kwa ajili ya panya. Nasema tu ilivyokuwa.

Aliyenicheka zaidi ni mdogo wangu. Tulikuwa tumebaki wawili kwa mama yetu, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho, na katikati wote wamekwenda. Aliniita Grand, kama watu wa Bujumbura wanavyomwita kaka mkubwa, nami nilimwita Petit, yaani mdogo, ingawa kichwa chake kilikuwa cheupe. Aliishi Kinanira kule juu na mke wake, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wenyewe, na kazi yake ilikuwa ulinzi wa villa moja chini, Kibenga, karibu kabisa na ziwa. Alikuwa mtu wa miguu. Anashuka kwa miguu, anapanda kwa miguu, na Jumapili kanisani yeye ndiye anaanzisha kucheza, wazee wenzake wamekaa. Miguu ndiyo ilikuwa sifa yake, kama pua kwangu.

Sasa, ziwa lilipanda. Kila mtu hapa anajua lilivyopanda, sihitaji kueleza. Kibenga maji yaliingia kwenye viwanja, wenye villa wakahama, mlinzi akabaki kulinda maji. Asubuhi moja mdogo wangu aliingia hadi magoti kwenda kufungua geti, na chini ya maji palikuwa na bati lililong'oka. Likampasua mbele ya mguu, chini ya goti, kama unavyochana mfuko. Akafanya nini? Akanawa na maji yaleyale. Akafunga na soksi. Akamaliza zamu yake hadi mwenzake akafika, ndipo akapanda Kinanira kwa miguu yake.

Nilipata habari kesho yake. Nikaenda, nikamkuta amekaa barazani, mguu juu ya kiti, shemeji yangu anamfukuzia nzi na mfuniko wa sufuria.

"Grand, usinitazame hivyo," akasema. "Ni mukwaruzo."

"Mukwaruzo gani, mufupa unachungulia?"

"Unachungulia kukusalimia."

Tukambeba kwenye baiskeli ya jirani, mimi nasukuma, shemeji anashika mguu, hadi dispensari moja ya upande ule. Sitaji jina. Pale walikuwa na mambo mapya. Watu fulani walikuwa wamewaletea vitambaa vya kidonda vya kujaribu, na aliyekuwa anavifunga ni muforoma mmoja mwanamke, muuguzi kijana, mwenye haraka na mikono misafi. Alimuosha mdogo wangu kidonda, akakata nyama iliyokufa, akashona kidogo pembeni, katikati akaacha wazi. Halafu akatoa hicho kitambaa. Kilikuwa cheupe, na katikati kina mraba wa njano hafifu, kama ganda la limau. Juu yake nailoni, unaona ndani bila kufungua. Akasema kwa Kifaransa ni kapteri, kitu cha kunasa dalili. Akaeleza: mikrobe zikianza kuzaana kwenye kidonda, maji ya kidonda yanabadilika kabla mutu hajasikia maumivu, kabla ya usaha, kabla ya homa, na huo mraba unabadilika rangi nayo.

Mimi nilikuwa namsikiliza huku nimekwisha kuinama. Ni tabia. Nilikuwa nimeshusha pua juu ya mguu wa mdogo wangu, kama nilivyoinamia ngozi, nataka kujua pale mwanzo kunanukaje, ili kesho nijue tofauti. Hiyo ndiyo kazi, lazima ujue mwanzo.

Muforoma akaniwekea mkono kifuani. "Muzee! Unafanya nini? Unataka kupika hiyo nyama?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Shemeji akajaribu kunitetea, akasema huyu pua yake inajulikana, alikuwa ananusa ngozi Asiatique. Ndiyo wakacheka vizuri.

"Basi leo amepata congé," muforoma akasema. "Hii kitambaa ndiyo itanusa. Muzee, we utapumzika."

Na mdogo wangu, maumivu yote yale, jasho usoni, naye akacheka. "Grand, wamekuleta mashine."

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye ukuta wa tangi la maji nikatazama baiskeli. Na hapa ndipo kosa lilipoingia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kichwa kilichotulia siku hiyo, na nilikuwa nje nimenuna. Ndani, mdogo wangu alikuwa na kizunguzungu. Shemeji alikuwa ameshika mguu, anatazama damu, na muforoma anaeleza rangi huku anamwita mgonjwa mwingine. Rangi hii ina maana gani, rangi ile ina maana gani, mkiona hii mje siku hiyohiyo. Akawapa karatasi ya Kifaransa. Shemeji akaikunja akaiweka ndani ya Biblia. Alichotoka nacho mle ndani ni neno moja: violeti.

"Amesema violeti," akaniambia njiani.

"Violeti nini?"

"Itakuwa violeti."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa bado nimenuna.

Sasa lazima nieleze violeti kwa asiyekulia hapa. Sisi wote tulikua tumepakwa violeti. Ile dawa ya maji ya zambarau kwenye kichupa, yenye kukaa kwenye vidole wiki nzima. Ukianguka shuleni, violeti gotini. Ukiwa na vidonda mdomoni, unafunguliwa mdomo, violeti, unarudi nyumbani na ulimi kama uliokula wino. Mama yetu alipotupeleka dispensari, wenzetu walitujua kwa rangi hiyo tu: huyu ametibiwa. Mtoto asiye na violeti ni mtoto asiye na mama. Na njano? Njano kwenye kidonda ni usaha. Hakuna mtu wa umri wetu atakayekuambia kitu kingine.

Kwa hiyo pale Kinanira, siku ya kwanza na ya pili, mraba ukiwa njano, shemeji hakulala vizuri. Alikuwa anainamia ile nailoni anatikisa kichwa. "Bado njano," ananiambia nikifika. "Bado, shemeji. Dawa haijashuka." Wageni wa kanisani walikuja, kwa sababu huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake hata apumue, na wao pia wakatazama, wakasikitika, wakaomba. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamke mmoja, ameshika kidole gumba cha mguu wa mdogo wangu, anamwomba Mungu alete violeti.

Muforoma alikuwa ameahidi kupita siku ya tatu. Hakupita. Mafuta hayakuwepo mjini, magari yamepanga foleni na wenyewe wamelala ndani yake, pikipiki hakuna. Mimi nilikuwa napanda kutoka Buyenzi kwa miguu kila mchana, fimbo mkononi, na nikifika juu nakunywa maji vikombe viwili kabla sijaweza kusalimia.

Siku ya nne nilifika nikasikia vigelegele nje.

Ule mraba ulikuwa umeanza kubadilika pembeni. Ukingo wake ulikuwa na zambarau nyembamba, nzuri kabisa kutazama, na katikati bado limau. Shemeji alikuwa amevaa kitenge kipya. "Shemeji, njoo uone! Imeanza!" Wageni watatu, chai, maandazi. Mdogo wangu amekaa ameegemea mto, anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa mno, nami sikuyapenda.

Nilikaa kwenye kiti karibu na miguu yake. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya nzi. Nilivuta hewa mara moja, hata sikuinama.

Tamu.

Kidogo tu. Ndizi za pombe, siku ya pili.

Ningeweza kusema leo kwamba pua ilikuwa imezeeka, kwamba nilikuwa na mafua, kwamba ilikuwa chai na maandazi. Nimejaribu kujiambia hivyo. Siyo kweli. Nilijua. Nilijua kama nilivyojua ngozi, na mwili wangu wenyewe ulitaka kusimama na kusema hii weka kando. Na kwenye kichwa changu nikaiona ile foleni inacheka, na mkono ule msafi kifuani mwangu.

Mdogo wangu alinitazama. Sijui aliona nini usoni pangu. Akasema, kwa sauti ya mzaha, lakini taratibu, "Grand. Lete pua."

Alikuwa anajua neno lile. Nilikuwa nimemsimulia habari za yule mzee wa ngozi mara mia.

Nikamwambia, "Ulize kitambaa chako."

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sawa," akageuza uso dirishani. Shemeji akanimiminia chai, nikainywa, nikaimaliza. Niliongea kuhusu mafuta na foleni. Nilipoondoka, nilimgusa bega, lilikuwa moto.

Njiani nilikuwa nabishana naye kichwani. Kama mashine ni nzuri hivyo, iseme. Imeletwa kutoka mbali, isome yenyewe. Mimi nimepewa congé. Na sehemu nyingine ya kichwa ilikuwa inasema, labda violeti ni kweli ni uzima, muforoma amesoma, mimi miaka mitatu. Hizo zilikuwa sauti mbili, lakini miguu ilikuwa inateremka tu, kuelekea nyumbani.

Siku ya tano sikwenda. Nilisema nimechoka na mlima. Siku ya sita sikwenda.

Siku ya saba nilipanda asubuhi, jua halijawa kali, na kwenye kona ya mwisho nilimkuta muforoma, naye yuko kwa miguu, begi begani, viatu mkononi. Hakunikumbuka. Tulipanda pamoja. Akaniambia ana wagonjwa sita wenye vile vitambaa na ndiyo anawazunguka wote kwa miguu, na kwamba ni kitu kizuri sana, kwa sababu wengine wawili walikuja kwake mapema rangi ilipobadilika, wakapata sindano, wakapona bila shida. "Kinasema kabla," akasema. "Kabla ya mutu yeyote."

Harufu tuliikuta mlangoni. Hii sasa haikuwa tamu.

Shemeji alitoka mbio, anafuta mikono. Alikuwa amekonda kwa siku tatu, lakini alikuwa na jambo la kumfurahisha mgeni. "Muganga, karibu! Ana homa kidogo, lakini dawa imetoka vizuri. Violeti yote! Yote kabisa, hakuna njano hata nukta."

Muforoma aliingia, akafunua shuka. Mraba ulikuwa zambarau iliyoiva, ya kanzu ya padri siku za Kwaresima, na kuzunguka kitambaa ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa, na mstari mwekundu unapanda kuelekea kwenye paja. Alifunika mdomo. Akauliza polepole, "Tangu lini?"

"Tangu siku ya nne," shemeji akasema, na sauti yake ikaanza kushuka. "Kulikuwa na wageni. Tulishukuru."

"Mama. Violeti nilisema mukuje. Nilisema mukuje siku ileile."

Shemeji hakulia. Alikwenda akachukua Biblia, akatoa karatasi, akaifungua, akamwonyesha, kama mtu anayeonyesha kwamba hajaipoteza. Kwenye karatasi kulikuwa na duara mbili, moja njano, moja zambarau, na maneno chini yake. Nilikuwa nasoma herufi za ngozi mimi, lakini hata mimi ningeweza kuona kwamba chini ya ile ya zambarau kuna alama ya mshangao.

Tulimteremsha kwa machela ya mlango uliong'olewa, vijana wa kanisani wanne wakipokezana hadi hospitali. Mimi nilibeba begi la nguo. Alikuwa anaongea maneno ya zamani, anamwita mama. Mguu ulikatwa juu ya goti. Daktari alisema ungekuwa siku tatu nyuma, ni dawa tu, labda kukata kipande cha nyama. Alisema hivyo kwa shemeji kwenye korido, mimi nikiwa nyuma yake, nimeshika begi. Kipande. Siku tatu nyuma ilikuwa siku ya nne.

Nilingoja wiki moja kabla sijaingia kumwona. Kila siku nilifika hadi langoni, nikanunua kitu, nikampa shemeji akiingia. Siku niliyoingia ilikuwa saa za mchana, wodi imejaa, watu wanakula wali kwenye mabakuli. Shemeji alikuwa ametoka kufua. Mdogo wangu alikuwa amekaa, amenyolewa, shuka limelala tambarare upande mmoja. Homa ilikuwa imeisha. Akili ilikuwa imerudi yote.

"Grand," akasema. "Karibu. Kaa upande huu, kuna nafasi sasa."

Nilikaa. Niliweka termosi ya uji juu ya kabati. Tuliongea kidogo. Akaniuliza kama maji yameshuka Kibenga, nikasema bado. Akasema wenye villa wameshapata mlinzi mwingine. Akasema shemeji halali, anajipiga kifua, anasema yeye ndiye ameukata mguu kwa ujinga wake. Kanisani wengine wanasema hivyohivyo, wanasema pembeni lakini anasikia. "Mi namwambia apana," akasema. "Violeti mi mwenyewe niliifurahia. Sisi wote."

Nikatikisa kichwa.

Akakunja ukingo wa shuka, akaukunjua. Halafu akanitazama vilevile kama siku ile.

"Siku ya wageni. Nilikuambia lete pua."

"Ndiyo."

"Sikuuliza kwa mzaha, Grand. Nilikuwa nasikia moto ndani. Nilitaka mutu aniambie." Akaliachia shuka. "Ulinusa?"

Mtu wa kitanda cha jirani aliacha kutafuna. Kulikuwa na dirisha wazi, na sehemu ya mguu iliyobaki juu ya goti ilikuwa imefungwa vizuri, bandeji nyeupe tupu, haina mraba wa rangi yoyote. Nilivuta hewa. Haikunuka kitu. Sabuni.

Nilikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa fupi, na lingeweza kumwondolea mke wake mzigo wote siku hiyohiyo. Nilifungua mdomo. Kisha nikasimama, nikachukua kofia yangu kwenye kona ya kitanda.

"Grand? Unaenda wapi?"

Nilipita kati ya vitanda, kati ya watu wanaokula, nikapita kwenye korido ambapo shemeji alikuwa anarudi na beseni la nguo zilizofuliwa, akanisogezea njia, akasema, "Shemeji, umemwona? Amefurahi?" Nikampita. Nikapita langoni. Nilisikia anaita mara ya pili, au ni mtu mwingine alikuwa anamwita kaka yake. Nikateremka kwa miguu hadi Buyenzi, na sikurudi.